Raba za Kiume na Tope la Balambala

Sikuwahi kuzipenda raba zile. Watu wakinisikia nikisimulia mwaka wa mvua kubwa hutaka nizisifu, kwa sababu kila msikilizaji hupenda kuambiwa kwamba kitu fulani kiliwaokoa mayatima. Zilikuwa viatu tu, tena viatu vibaya. Zilinibana kisigino na kunipwaya vidoleni. Zilinuka kama tairi lililosahauliwa juani, na kila nilipopiga hatua zililia kama panya aliyekanyagwa. Zilijua jambo moja, kuzuia maji, na hata hilo zililifanya kwa ubaya. Nilipovuka laga, yaani vile vijito vyetu vinavyojaa wakati wa mvua peke yake, maji yakipanda juu ya kifundo yaliingia kwa mdomo wa kiatu na kukosa pa kutokea. Kilichoyazuia yasiingie ndicho kilichoyazuia yasitoke. Nilitembea mwendo wa saa mbili nikibeba maziwa mgongoni na bwawa miguuni.

Mimi ni kifungua mimba wa watoto watatu. Baba alikufa kwa homa nilipokuwa darasa la tano. Mama alimfuata baada ya miaka miwili. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia pale Balambala, na siku nne baada ya mazishi yake nilichukua kikombe chake cha kupimia nikakaa mahali pake sokoni. Shule iliishia hapo, darasa la saba, muhula wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na sita, maana kwetu wasichana tulianza shule tukiwa tayari wakubwa. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la nne na wa kiume darasa la pili.

Siku ya saba alikuja kaka mkubwa wa baba, adeer wetu. Ndivyo Wasomali tunavyomwita ndugu wa baba, awe mkubwa au mdogo. Alikuja na wanaume wawili. Hakuketi. Alisimama katikati ya ua akaitazama nyumba, akatazama mbuzi wetu watano, kisha akatutazama sisi kwa jicho lile lile.

"Kijana atakwenda kwa ngamia wangu," akasema. "Huyu mdogo atamsaidia mke wangu. Na wewe, kuna mtu ameniulizia habari zako."

"Watoto wako shule, adeer."

"Shule. Baba yako alisoma?"

"Hakusoma."

"Alikufa njaa?"

"Alikufa homa."

Hakupenda jibu. Wanaume wale wawili waliinamisha macho. Chungu kilikuwa mekoni kikichemka, watoto walikuwa wameshiba, na mbele ya mashahidi hakuweza kuwaburuta watoto wa ndugu yake kutoka nyumba yenye moto. Basi akasema maneno ambayo nililala nayo na kuamka nayo kwa zaidi ya mwaka.

"Kaeni. Lakini siku nitakayosikia neno juu ya nyumba hii, moja tu, nitakuja na kamba."

Kamba ni ya kufungia mizigo juu ya ngamia wakati wa kuhama. Na neno, katika nyumba isiyo na mwanamume yenye msichana wa miaka kumi na sita, halihitaji kufafanuliwa. Mdogo wangu wa kiume peke yake ndiye aliyeniuliza jioni ile ni neno gani. Nilimwambia ale.

Lazima nieleze kazi ya adeer, ingawa sina hamu ya kumsifu. Alikuwa msomaji wa nyayo. Kwetu kila mtu husoma ardhi kiasi. Mtoto wa miaka saba anajua wayo wa mama yake kati ya nyayo mia za kisimani. Lakini adeer aliombwa kutoka mbali. Mifugo ikipotea au kuibwa, aliitwa yeye, na hata askari waliwahi kumpakia katika gari lao, akakaa mbele karibu na dereva. Angeweza kutazama nyayo za ngamia mchangani akakwambia ana mimba ya miezi mingapi. Akiona wayo wa mtu alisema kama amebeba mzigo, ana njaa, au anamkimbia mtu. Alipenda kuulizwa. Akishaulizwa, alinyamaza kwanza, ili watu wasogee.

Raba nilizipata Garissa mjini, kabla mvua haijaanza. Nilipanda lori kwenda kununua jerikeni mpya, na nilibeba sare yangu ya shule ambayo bado ilikuwa na rangi, nikitaka kuiuza. Mwanamke mmoja alikuwa ametandika mitumba chini, vitu vilivyotoka upande wa Liboi na barabara ya kambi za wakimbizi. Raba zilikuwa juu ya lundo. Rangi yake ilikuwa ya majivu, kitambaa kizito kilichopakwa mpira, soli nene yenye meno makubwa kama ya tairi la trekta. Sikuwa nimewahi kuona viatu vya aina ile.

"Abaayo, dada yangu, hizi haziingizi maji hata ukisimama mtoni," akaniambia.

"Ni za kiume."

"Na mvua inajua mume na mke?"

Akaipokea sare yangu, akainusa kwapani, akakubali tubadilishane. Sikuona uchungu wowote. Nilizifunga raba pamoja kwa kamba zake nikazitia ndani ya jerikeni kuukuu niliyokuwa nimeikata mdomo, nikarudi nyumbani.

Kisha mvua ikaja. Mtu aliyekuwa Kaskazini Mashariki mwaka ule hahitaji kuelezwa, na asiyekuwako hataamini. Tulikuwa tumezoea kuomba mvua. Ile tuliomba ikome. Mto Tana ulitoka njiani mwake ukaingia mashambani. Barabara ya Garissa ikakatika. Udongo wetu wa karibu na mto ni mweusi na mzito, na ukilowa hauwi matope ya kawaida. Unashika. Unavua viatu vya mtu kama unavidai.

Ngamia hawaliwezi tope hilo. Miguu yao mirefu huteleza na kupasuka nyongani, na nzi wa mtoni huwaua. Wachungaji waliwahamishia kwenye mchanga mwekundu, mwendo wa zaidi ya saa mbili kutoka mjini. Zamani maziwa yalikuja kwa punda hadi kwenye laga ya kwanza, na sisi wanawake wa sokoni tuliyapokea pale. Sasa punda walizama hadi tumboni. Wenzangu walijaribu kwenda wenyewe kwa akala, vile viatu vya tairi, na tope likazing'oa kamba. Walijaribu miguu mitupu, wakakanyaga miiba ya migunga iliyolala chini ya tope isikoonekana. Mmoja baada ya mwingine walibaki nyumbani kusubiri jua. Wao walikuwa na waume wa kuwasubiria nao.

Mimi nilivaa raba.

Nilivaa kwa siri. Kwetu msichana havai viatu vya mwanamume, na msichana asiyeolewa haendi porini peke yake. Kila moja lilitosha kuwa neno. Nilijaza matambara kwenye ncha, nikakaza kamba, nikashusha vazi langu refu hadi chini, nikatoka kwa nyuma ya nyumba baada ya sala ya alfajiri. Nilikwenda na jerikeni mbili tupu, nikarudi zikiwa zimejaa, zimefungwa mgongoni na kamba kifuani. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeosha raba na kuzifunika kwa karai. Sokoni nikiulizwa, nilisema kuna punda mmoja bado anafika kwenye laga. Watu walinywa maziwa, hawakudadisi sana. Mwenye hoteli ya chai alichukua nusu ya jerikeni kila siku, na mwalimu wa darasa la tano, mtu wa bara, alichukua kikombe kimoja na kuniuliza kila mara lini nitarudi shuleni. Nilimjibu kila mara kwamba kikombe kimejaa.

Nilifunika mguu, nikafunika kiatu. Ardhi sikuifunika. Mpaka leo sijui nilisahauje, mimi niliyelelewa nyumba moja na watu waliosoma ardhi kabla ya kusoma uso wa mtu.

Siku moja nikiwa sokoni, jirani yetu ambaye ua wake uliungana na wetu alikuja akitembea upande upande topeni.

"Adeer wako yuko nyuma ya nyumba yako," akasema. "Amechutama tangu adhuhuri kama kuku anayelalia. Nimemsalimu hakuitika."

Niliacha maziwa kwake nikaenda. Nilimkuta kweli amechutama. Alikuwa amefunika wayo mmoja kwa karai letu, ili mvua isiuharibu. Karai lile lile. Raba nilizokuwa nimezificha chini yake zilikuwa juu ya kuni, zimeviringishwa ndani ya gunia. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amerudi kula mchana, alimwona akija, akazihamisha kwa wakati. Nilijua hivyo baadaye. Wakati ule niliona karai peke yake, nikadhani amekwisha kuzipata.

"Nani huyu?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nani yupi, adeer?"

"Usinifanye mtoto. Mwanamume anayekuja hapa." Akaliinua karai taratibu, kama mtu anayefunua chakula. "Si wa kwetu. Sisi hatuvai kiatu hiki. Ni mtu wa bara."



"Anakuja mzito," akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kufurahi. "Tazama kisigino kilivyozama. Anaondoka mwepesi. Kila siku hivyo. Mzigo anauacha ndani ya nyumba hii. Anakulisheni. Ndiyo maana mnanenepa wakati watu wanakonda."

Akasogea hatua moja, akaelekeza fimbo.

"Na hatembei kwa vidole. Ncha ya kiatu haisemi kitu. Huyo hajazoea kutembea. Ni mtu wa kiti. Karani, au mwalimu."

Alikuwa amesoma kila kitu sawa, akakosea mtu. Uzito ulikuwa maziwa. Ncha iliyonyamaza ilikuwa matambara. Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini nikimwambia, ningempa neno jingine: msichana porini peke yake, ndani ya viatu vya kiume, mwezi mzima. Nilikuwa na muda wa pumzi moja kuchagua ni neno lipi lingetuvunja polepole zaidi. Nikachagua kunyamaza.

"Ijumaa," akasema akiinuka, magoti yakilia. "Ijumaa nitakuwa nimempata. Watayarishe watoto."

Kutoka pale alikwenda shuleni. Sikuwepo, lakini mdogo wangu wa kike alikuwa dawati la pili kutoka mbele, na alinisimulia huku akilia kwa hasira. Adeer aliingia darasani bila kubisha, fimbo begani, tope hadi magotini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wetu.

"Mwalimu, inua mguu."

"Mzee, karibu. Kuna shida?"

"Fiatu. Nataka kuona chini."

Mwalimu alidhani amekanyaga kitu. Akashika ubao, akainua mguu mmoja kama anayekaguliwa mwiba. Soli yake ilikuwa laini, imeisha kabisa.

"Ingine."

Akainua mwingine. Darasa zima lilikuwa limesimama juu ya madawati kuona.

"Nyumbani uko na fingine?"

"Niko na malapa, mzee."

"Malapa," adeer akarudia kwa dharau, akatoka. Watoto walicheka mpaka kengele. Kisha mmoja akauliza kwa nini yule mzee anatafuta mguu wa mwalimu, na mwingine aliyesikia nyumbani kwao akajibu, na tangu saa ile mdogo wangu akaitwa dada wa kiatu.

"Mwambie ni wewe," akaniambia.

"Nikimwambia atawachukua."

"Na usipomwambia?"

"Atawachukua vile vile."

Akapangusa machozi. "Basi kesho utakwenda?"

Nilimwambia nitakwenda. Nisipokwenda jiko lingepoa, na jiko baridi lilikuwa neno kubwa kuliko yote.

Ijumaa niliondoka kama kawaida. Kule kwa ngamia, wanawake wa wachungaji walinijazia jerikeni bila mazungumzo, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na hakuna aliyetaka kusimama. Nilirudi nikiwa nimelowa hadi mfupani, isipokuwa nyayo, ambazo kwa mara ya kwanza zilikuwa kavu. Nilipokaribia ua wetu niliona kofia ya mwanamume juu ya boma la miiba, ikashuka upesi. Kisha nikaona ncha za fimbo tatu. Walikuwa wamechutama ndani ya ua wangu, topeni, wakimngoja mpenzi wangu.

Ningeweza kuvua raba nizitupe kichakani. Nilikuwa nimechoka. Na nilikuwa nimekasirika, kwa namna ile ambayo mtu hukasirika mpaka anakuwa mtulivu. Nikaingia. Raba zilitangulia kunitangaza kwa mlio wao.

"Simama wewe," adeer akaruka na fimbo juu, kisha fimbo ikabaki pale pale hewani.

Alikuwa na mwenye hoteli ya chai na mchuuzi mmoja wa ng'ombe, mwanamume mwenye wake wawili. Yule mchuuzi ndiye aliyekuwa ameulizia habari zangu. Walinitazama uso, wakatazama chini.

Mwenye hoteli alikuwa wa kwanza kuelewa. "Karani wako huyu," akamwambia adeer, "amevaa buibui."

"Vua," adeer akaniambia.

Nilifungua mzigo kwanza. Niliushusha polepole, nikahakikisha vifuniko vimekaza, nikazipanga jerikeni ukutani. Kisha nikavua. Adeer akaikamata raba moja, akachutama, akaiweka ndani ya wayo niliokuwa nimetoka kuukanyaga. Ikaingia kama kifuniko. Akaitoa, akatia mkono ndani, akavuta tambara. Lilikuwa kipande kirefu cha shash ya zamani ya mama, kitambaa cha kichwa, na kila alipovuta lilizidi kuja.

"Mtu wa kiti ametolewa matumbo," mwenye hoteli akasema, akacheka mpaka akashika boma na kujichoma.

Adeer hakucheka. Nimefikiri sana juu ya uso wake wa wakati ule, na sina neno jema la kuusemea. Mbele yake alisimama binti wa ndugu yake, hana doa, aliyetoka kubeba chakula cha watoto mgongoni. Naye angefurahi zaidi kumkuta mwanamume.

"Hii ni mbaya zaidi," akasema.

"Ubaya wake uko wapi?" mwenye hoteli akauliza, akinyonya kidole chake.

"Anakwenda porini peke yake. Anavaa kama askari. Nani ataoa hii?" Akamgeukia mchuuzi.

Mchuuzi alikuwa akiitazama miguu yangu mitupu, iliyokuwa imekunjamana. "Mimi nilitaka mke," akasema. "Punda ninaye." Akaokota fimbo yake akaondoka, na hiyo ndiyo huduma pekee aliyowahi kunifanyia.

"Neno ni mwanamume," mwenye hoteli akasema. "Ulituita tuone mwanamume. Mwanamume hayupo. Mimi nina watu hotelini wanakunywa chai ya rangi na kunitukana, na maziwa yako hapo ukutani. Tumalize."

Adeer akatoa kisu. Ni kisu kile cha kuchinjia ambacho wanaume wetu hufunga kiunoni. Alishika raba ya kwanza akaipasua soli kutoka kisigino hadi ncha, akashika ya pili akaipasua vivyo hivyo. Haikuwa kazi rahisi. Soli ilikuwa nene, ikamlazimu kukandamiza kwa goti. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mlangoni akitazama.

"Kesho tuone," adeer akasema akipumua. "Kesho hakuna maziwa. Kesho kutwa hakuna unga. Mvua ikikoma nitakuja na ngamia. Nikikuta jiko baridi, hata huyu wa chai hatanizuia."

"Hiyo ni haki," mwenye hoteli akasema. Nataka ijulikane kwamba alisema hivyo. Watu huniambia alikuwa mtetezi wangu. Alitetea chai.

"Watoto hawatoki hapa," nikasema.

Adeer alizitupa raba miguuni pangu na kuondoka.

Jioni ile nilijaribu kuzishona kwa uzi wa nailoni. Mshono ulishika, lakini maji yalipita kila tundu la sindano, na kufikia laga ya kwanza asubuhi yake soli ilifunguka kama mdomo. Raba isiyoingiza maji ikishapasuka ni mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu tope linaingia, linakaa, na mtu anabeba kilo mbili za udongo kila mguu. Niliziacha kwenye matawi ya mti. Nikakata mpira wa ndani wa tairi, nikajifunga nyayo kwa kamba za katani. Ulidumu siku tatu. Baada ya hapo nilikwenda na miguu yangu.

Sitaieleza sana ile miguu. Kila alasiri nililala chali, na wadogo zangu wakaketi mmoja huku mmoja kule wakichimba miiba kwa sindano, wakishindana nani ametoa mrefu. Nyayo zilivimba, zikapasuka, zikanuka. Mwendo wa saa mbili ukawa wa saa nne. Kuna siku nilifika sokoni alasiri na maziwa yameanza kuchacha, na watu wakanunua wakinung'unika. Kuna siku homa ilinishika nikakaa chini katikati ya njia, nikalia kwa sauti kubwa kwa kuwa hapakuwa na mtu. Kisha nikaona kwamba kulia hakusogezi jerikeni, nikainuka. Wale wanawake wa sokoni waliniona nikipita kila siku, na hakuna hata mmoja aliyenipa japo akala. Adeer alikuwa amewaambia wasinipe. Sijui kama aliwatisha au aliwaomba tu. Yote mawili nayachukulia sawa.

Jiko halikupoa. Tulikula anjera, ile mikate yetu ya maji, na chai, siku nyingine uji mtupu, lakini moshi ulitoka kila asubuhi.

Mvua ilikoma pole pole, kama mgeni asiyetaka kuaga. Lori la kwanza kutoka Garissa lilipofika, watu walilishangilia. Siku ya pili yake adeer alikuja. Alikuja kama alivyosema, na ngamia mmoja wa mizigo na kamba mbili mpya. Mwenye hoteli alikuja nyuma yake kushuhudia.

Tulikuwa tukinywa chai. Adeer alipita katikati yetu bila salamu, akaenda jikoni, akaweka kiganja juu ya majivu. Akakiondoa upesi. Kulikuwa na moto chini yake.

Alisimama pale akipuliza kiganja. Nilidhani ataondoka. Lakini alimgeukia mdogo wangu wa kiume, akasema kwa sauti laini ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Wewe ni mwanamume. Hukai kwa wanawake. Panda, twende kwa ngamia. Nitakupa ndama awe wako."

Hilo hatukuwa tumekubaliana. Nilitaka kusema, lakini niliona mwenye hoteli akimtazama kijana, akingoja, na nikajua kwamba nikimjibia, jibu halitahesabiwa. Alikuwa na miaka tisa. Ndama wa ngamia ni kitu kikubwa kwa mtoto wa miaka tisa. Niliibana mikono yangu chini ya mapaja.

Aliweka kikombe chini. "Adeer," akasema, "kengele inalia saa mbili."

"Kengele gani?"

"Ya shule. Nikichelewa mwalimu anafunga mlango." Akachukua begi lake, akamtazama dada yake. "Twende."

Wakatoka wote wawili, wakampita ngamia upande wa kushoto na wa kulia. Mwenye hoteli alikohoa, akasema ana watu wanangoja, akaondoka. Tukabaki mimi na adeer na ngamia wake. Alizikunja kamba, zamu nyingi kuliko zilivyohitaji. Mimi sikumpunguzia aibu.

Hakukanyaga tena ua wetu, na hakunisalimu tena njiani mpaka nilipoondoka Balambala. Wadogo zangu walimaliza darasa la nane wote wawili wakitokea nyumba ile. Watu wa dini wamenieleza mara nyingi ubora wa kusamehe. Nawasikiliza.

Wiki ile ile ya ngamia, mke wa adeer, tuliyemwita eddo kama shangazi, alikuja sokoni kwangu. Alikuwa mwanamke mpole, hakuwahi kunikosea, na wote wawili tulijua hivyo. Aliinamisha kibuyu chake, nikampimia kikombe kimoja kilichojaa sawasawa. Desturi yetu ni kwamba jamaa huongezwa kidogo baada ya kipimo, tone la undugu, na hata wageni huwa wanalipata. Alibaki ameinamisha kibuyu.

"Nyongeza, binti yangu?"

"Nyongeza kaiombe kwa mzee wako, eddo," nikasema, nikafunga kifuniko, nikamwita mteja aliyekuwa nyuma yake.